Rungu la Nyuma ya Mlango

Jumamosi, saa tisa, ukumbi wa kanisa Kaptembwo:
viti vimesukumwa ukutani, na tairi la lori
linaning'inia kwa mnyororo pale panaposimama kwaya.
Tuko kumi na mmoja, na raba za kuazima,
na vumbi la Nakuru limefika kabla yetu.

Taprandich, askari jela mstaafu, hapandishi sauti.
"Lishikeni kama mwiko," anasema,
"si kama shingo ya kuku.
Mguu wa kushoto mbele. Magoti yalegee.
Nguvu haiko mkononi, iko kiunoni,
palepale mnapoitoa mkisonga ugali wa matanga."

Nalipiga tairi.
Tairi linanirudishia mpaka kwenye meno.

"Paja. Kifundo cha mkono. Ugoko. Kisha mbio.
Kichwa achaneni nacho:
kichwa ni kaburi, na kaburi lina kesi."
Nyaboke anacheka. Mimi sicheki.
Wenzangu wamekuja na mipini ya jembe.
Rungu langu ni la urithi.

Alilinunua Mbuthia wangu, Januari ile
ambayo mtaani kwetu hatuitaji kwa mwaka.
Mzeituni wa porini, kichwa kama ngumi ya mtoto.
Usiku saba alikaa nalo mlangoni,
asubuhi ya nane akaliweka juu ya kabati
akaniambia halikumgusa mtu.
Nilimwamini. Namwamini bado, siku nyingi.

Taprandich alilipokea, akaligeuza,
akapitisha kidole gumba kwenye mpini.
"Mti mzuri," alisema. Basi.
Kulia kwangu Jebiwott, kushoto Nasimiyu,
tunahema kwa hesabu moja
na hakuna anayeuliza mti wa nani ulilala wapi.

"Na rungu ni la mwisho," anatukumbusha kila tukifunga.
"La kwanza ni mlango."
Niliuza kuku wawili nikanunua komeo la pili.
Fundi Makokha akang'oa skrubu fupi za bawaba,
akaziangalia kiganjani kama meno ya maziwa:
"Mama, hizi ndizo zilikuwa zinakulinda?"
Namba za majirani nikaziandika kwa makaa
pembeni mwa kitanda, kubwa, za kusomwa bila miwani.
Filimbi shingoni. Tochi ndani ya kiatu.
Usiku wa kwanza sikulala,
nilikuwa nausikiliza ukimya mpya
kama bibi harusi anayesikiliza mwanamume akikoroma.

Jumatano, saa nane za usiku,
mkebe wa misumari niliouning'iniza langoni ukalia.
Miguu iliamka kabla ya woga.
Wa kushoto mbele.
"Nani?" Sauti ikatoka tumboni, nikaishangaa.

"Mama Gathoni. Ni mimi. Nyaboke."

Wiki tano nimeufundisha mkono kufunga,
nao ukafungua gizani bila kuhesabu,
komeo la juu, la chini,
mwanamke peku, mtoto ndani ya shuka,
la chini, la juu.
Nyuma yake viatu vizito vilikuwa vinakuja.

Sikupiga mtu.
Nilipuliza filimbi hadi masikio yakaziba,
na ploti ikajibu, filimbi kwa filimbi, taa kwa taa,
Makokha akikohoa uani na nyundo yake.
Viatu vikasimama. Vikafikiri.
Vikapiga teke beseni langu la kufulia, vikaondoka.

Mtoto alilala upande wa Mbuthia.
Sisi tulikaa chini, migongo mlangoni,
rungu limelala juu ya mapaja yetu manne.
"Ni zito," akasema.
"Ni zito," nikasema.
Hatukuongeza neno mpaka muuza maziwa akapita.

Jumamosi tulikuwa kumi na mmoja.
Nyaboke aliniomba rungu langu.
Alilipiga tairi likazunguka, likarudi, akalipiga,
mnyororo ukilia juu ya vichwa vyetu,
na Taprandich, ambaye kila mtu humwambia "inatosha",
alihesabu tu.